Habari za Joto la Injini na Maji ya Rejeta

(Maneno yaliyosomwa na mwanachama mmoja, karani, mbele ya mkutano wa wanachama wa Mpanda.)



Bwana Katibu aliponiomba nije kusema nanyi jioni hii, alitaka niseme juu ya utunzaji wa majalada. Nilimjibu ya kuwa juu ya majalada mmekwisha kusikia mengi, tena kutoka kwa watu wayatunzao vizuri kuliko mimi. Nikamwomba ruhusa niseme juu ya maji ya moto. Alicheka, walakini ruhusa akanipa, naye ndiye aliyenisaidia kuleta jiko hili la mkaa na sufuria hii mnayoiona mezani. Nasikia wengine wenu mmedhani ni ya chai. Si ya chai. Ndani yake mna kipande cha chuma na shaba kilichofungwa kwa uzi, pamoja na kipimajoto nilichoazima kwa mwalimu mmoja wa sayansi, na kila nitakapoomba, Bwana Katibu atatusomea hesabu yake.

Mtauliza, karani ana shauri gani na injini? Mimi si fundi, wala sikufundishwa ufundi. Fizikia kidogo niliyo nayo niliipata katika shule ya misheni, na nyingine nimeipata kwa dereva mmoja mzee ambaye jina lake sitalitaja, kwa kuwa habari nitakayoieleza ilimpatia taabu asiyostahili. Lakini fikirini: fomu ya maombi ya vipuri hupita mkononi mwa nani kabla haijafika kwa Mkuu wa ofisi? Kwetu sisi. Nani huweka alama pembeni na kuandika "haina haraka"? Ni sisi. Basi karani ana shauri na injini, apende asipende, na mimi nililifahamu jambo hili kwa kuchelewa.

Kwanza nieleze jinsi jambo lenyewe lilivyo. Injini ni jiko. Mafuta huwaka ndani ya silinda mara nyingi kwa kila dakika, na moto ule, kwa nukta ile unapolipuka, hupita digrii 2,000. Pistoni za injini nyingi huundwa kwa alumini, nayo alumini huyeyuka kwa digrii 660. Mwaona basi ya kuwa injini isiyopozwa ingejiyeyusha yenyewe kama mshumaa. Tena, kwa hesabu ya jumla, katika kila sehemu tatu za joto litokalo katika mafuta, ni kama moja tu izungushayo magurudumu. Nyingine hutoka pamoja na moshi, na ya tatu hubaki katika chuma. Hiyo ya tatu ndiyo kazi ya maji.

Waundaji wa injini wameacha vijia ndani ya chuma, kuzunguka silinda zote na kupanda hata kwenye hedi, penye joto kali kupita pote. Pampu husukuma maji katika vijia hivyo. Maji yakisha kuchukua joto hutoka kwa mpira wa juu, huingia katika rejeta na kugawanyika katika vijibomba vyembamba, na kati ya vijibomba hivyo mna mabati membamba kama karatasi, ambayo hewa hupita ndani yake. Gari likienda, upepo wapita wenyewe. Likisimama au likipanda mlima polepole, feni huuvuta. Maji yaliyopoa hurudi injini kwa mpira wa chini, nayo huanza tena safari ile ile. Magari ya zamani kama Ford Model T, iliyoundwa tangu mwaka 1908 hata 1927, mengi yao hayakuwa na pampu ya maji: maji ya moto yalipanda kwa wepesi wake na yaliyopoa yakashuka, basi. Yalichemka mara kwa mara, na kila dereva alichukua debe lake la maji.

Sasa watu wengi hudhani ya kuwa kwa injini, kadiri inavyokuwa baridi ndivyo ilivyo salama. Hapa ndipo palipo na kosa la kwanza. Injini haikuundwa ikae baridi. Joto la kawaida la maji yake ni kati ya digrii 80 na 100, na nyingi hukaa karibu na 90. Baadhi ya injini za siku hizi hupita 100 kidogo kwa makusudi ya waundaji wake, wala si ugonjwa. Chini ya hapo, oili huwa nzito na haifiki upesi mahali pake; petroli au dizeli haiwaki yote, na isiyowaka huosha oili iliyo katika kuta za silinda; unyevu hukaa ndani ya oili na kuiharibu; na gari hula mafuta kupita kiasi. Injini iendayo siku zote kwa digrii 60 haipigi kelele wala haitoi mvuke. Hufa polepole, na aliyeiua hajulikani.

Bwana Katibu, kipimajoto chasemaje? (Katibu: "71.") Na kile kipande kimefunguka? (Katibu: "Bado, kimefumba.") Ahsante. Tuendelee.

Mwalimu wetu alitufundisha ya kuwa maji huchemka kwa digrii 100. Ni kweli, lakini ni kweli ya Dar es Salaam na Tanga, penye usawa wa bahari. Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kuishinda hewa iliyoyakalia. Mtu akipanda juu, hewa hupungua uzito, na maji huchemka mapema, yapata digrii moja kwa kila meta 300. Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, huchemka kwa digrii 97 na kitu. Hapa Mpanda, ambapo tuko juu ya bahari kwa meta kama 1,100, ni karibu na 96. Sumbawanga ni yapata 94, na kila mama apikaye maharage huko Ufipa ajua ya kuwa hukaa motoni muda mrefu kuliko maharage ya mwambao, ijapokuwa hajapata kusoma sababu yake.

Fikirini basi. Injini yataka kukaa karibu na 90, na ikipanda mlima na mzigo yaweza kufika 100 na zaidi. Maji ya Mpanda huchemka kwa 96. Yawezekanaje gari lipande na maji yake yasichemke?

Jibu ni kitu hiki kidogo nilichokishika mkononi. Ni mfuniko wa rejeta. Wengi hudhani kazi yake ni kuzuia maji yasimwagike, kama kifuniko cha birika. Lakini tazameni chini yake: mna springi, na chini ya springi mna duara la mpira. Juu yake pameandikwa 0.9, mwingine huandikwa 1.1. Hesabu hiyo ni presha ambayo mfuniko utaizuia kabla ya kuinuka na kupumua. Hiyo 0.9 ni karibu sawa na uzito wa hewa yote ituzungukayo, ukaongezwa mara ya pili. Rejeta iliyofungwa hivyo ni kama sufuria ya presha: maji yake hapa Mpanda hayachemki mpaka yapate kama digrii 116. Tofauti ya 96 na 116 ndiyo uhai wa injini yetu milimani, na tofauti yote hiyo yategemea kijiduara cha mpira ambacho hukauka na kupasuka kwa miaka michache.

Mfuniko una na kilango cha pili, kidogo, katikati. Injini ikipoa maji hujikunja, na kilango hicho huruhusu maji yaliyokimbilia katika chupa ya akiba yarudi ndani. Mtu akiona chupa imejaa tele na rejeta ina upungufu, kilango kimekufa.

Na hii ndiyo sababu mfuniko haufunguliwi gari likiwa moto. Maji yaliyo ndani yamepita kiasi chake cha kuchemka, yamezuiwa na presha peke yake. Ukiifungua presha, sehemu yake hugeuka kuwa mvuke kwa nukta moja, na maji ya moto huruka pamoja nao. Nimemwona kijana aliyefungua kwa kitambaa, akidhani kitambaa chatosha. Aliungua tangu kidevu hata kifua, na mkono ule hakuweza kuunyosha kwa miezi. Atawaambia mwenyewe ya kuwa hakuona kitu kikija.

Sasa nieleze habari yangu.

Mwaka 2019, katika ofisi niliyokuwamo wakati ule, dereva wetu aliandika fomu ya maombi ya vitu vitatu: mpira wa juu wa rejeta, mfuniko wa rejeta, na kulanti lita 5. Fungu la magari lilikuwa limebaki kidogo, nami nilikuwa nimeambiwa nibane. Nikatazama fomu ile. Mpira nikaukubali, kwa kuwa niliweza kuuona umepasuka. Mfuniko nikautazama, nikaona ni mzima, wang'aa. Nikaukata kwa wino mwekundu. Kulanti nayo nikaikata, na pembeni nikaandika kwa mwandiko mzuri: "Maji yapo bombani." Maneno hayo nilijiona nimeyapatia. Hata nilimwonyesha mwenzangu, tukacheka.

Majuma mawili baadaye tulitumwa Sumbawanga. Tulikuwa dereva, mimi, bibi mmoja mhasibu, na masanduku ya hati zilizotakiwa kufika kabla ya ofisi kufungwa. Tukapita Sitalike, tukawaona viboko katika mto Katuma kama ilivyo ada, tukaingia katika Hifadhi ya Katavi. Ninyi mwaijua njia ile. Mbung'o ni wengi, basi tulifunga madirisha yote na kuwasha kiyoyozi. Kiyoyozi nacho huongeza joto, kwa maana rejeta yake ndogo hukaa mbele ya rejeta ya injini, na hewa ifikayo nyuma imekwisha kupata moto. Ilikuwa mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, mchana.

Tulipoanza kupanda Lyamba lya Mfipa, mshale wa joto ulitoka katikati yake, ukaanza kupanda. Mzee akapunguza mwendo, akazima kiyoyozi. Akasema, "Mwanangu, gari linachemsha. Tusimame." Nami nikatazama saa. Nikasema, "Mzee, twende hivyo hivyo polepole. Juu tutapumzika." Hakujibu. Tukaenda kama kilometa moja. Mshale ukafika karibu na alama nyekundu, ukasimama kidogo, kisha, mbele ya macho yetu, ukashuka. Ukashuka hata ukapita katikati, ukalala kwenye ubaridi.

Nilifurahi. Nikamwambia, "Waona, mzee? Limepoa lenyewe." Naye akasema neno ambalo sijalisahau: "Mshale haushuki mlimani." Akaanza kutafuta pahali pa kusimama, lakini kabla hajapaona injini iligonga kama nyundo mara kadhaa, ikakosa nguvu, ikafa.

Mabwana na Mabibi, kama mtasahau yote mengine ya jioni hii, hili nawaomba mlishike. Geji ya joto haipimi injini. Yapima kile kilichogusana na kijidude chake, ambacho kimechomekwa ili kikae ndani ya maji. Maji yakiisha, kijidude hubaki hewani, na hewa haimpi mtu habari sawa na maji. Basi geji husema "baridi" wakati ambapo chuma chaungua. Mfuniko wangu ule mzuri uliong'aa ulikuwa na mpira mkavu. Haukuzuia presha. Maji yalichemka kwa digrii 90 na kitu, yakatoka yote kwa kijibomba cha pembeni bila sisi kuona, kwa kuwa tulikuwa twaenda na vumbi lilikuwa nyuma yetu.

Nilishuka na dumu la maji, mbio, nikitaka kuyamimina. Mzee alinishika mkono. Akaniuliza kama nimepata kuona jiwe la jikoni likimwagiwa maji. Nimeona: hupasuka. Hedi ni jiwe la jikoni lenye thamani kubwa. Tukarudi ndani ya gari, madirisha yamefungwa, tukakaa. Nyati walikuwa upande wa pili wa barabara, si mbali. Bibi yule mhasibu alikuwa na kanga moja, akaigawa kuwa pepeo letu sote. Baada ya saa mbili na nusu lori lilipita, likatuvuta. Hati zilifika baada ya siku mbili.

Gasketi iliungua, na hedi ilipinda. Mfuniko ungalipatikana kwa bei ya kuku wawili, na kulanti kwa bei ya mbuzi mdogo. Hedi, gasketi na kazi ya fundi vilikula fungu letu la safari la robo nzima, hata watu wawili hawakwenda masomo waliyopangiwa.

Kisha ikaja barua. Dereva atakiwa kujieleza, kwa nini asichukuliwe hatua za nidhamu kwa kuliendesha gari la serikali hali geji yaonyesha joto kubwa. Barua ile niliichapa mimi. Nilipotafuta namba ya kumbukumbu katika jalada la gari, ukurasa uliokuwa juu ulikuwa ile fomu, na wino wangu mwekundu. Nikaufunga jalada. Barua nikampelekea mzee, akaipokea kwa mikono miwili, akaweka mfukoni, wala hakuniambia neno juu ya mlima wala juu ya fomu. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja na nusu kustaafu.

Nilikaa siku tatu. Nasema siku tatu kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, nisije nikaonekana mwema kuliko nilivyo. Siku ya nne nilimpelekea Mkuu ile fomu, nikamweleza na maneno niliyoyasema mlimani. Aliisoma muda mrefu. Akauliza, "Huu mwandiko ni wako?" Nikasema ni wangu. Barua ya mzee iliondolewa. Barua nyingine iliandikwa, nayo imo katika jalada langu mpaka leo.

Bwana Katibu, tazama tena. (Katibu: "84. Kinafunguka! Kimeacha mwanya kama ukucha.") Mnaokaa mbele njoni mwone. Chini yake pamepigwa mhuri wa 82, nacho kimefanya kama kilivyoandikwa, ila kimechelewa kidogo kupata moto.

Hiki ndicho themostati. Ni mlango uliowekwa katika njia ya maji kati ya injini na rejeta. Injini ikiwa baridi mlango umefungwa, na maji huzunguka ndani ya injini tu ili yapate moto upesi. Yakifika digrii 82, au 76, au 88, kwa kadiri ya mhuri, mlango huanza kufunguka, na hufunguka wote kama digrii 10 au zaidi juu yake. Ndani ya kijikopo hiki cha shaba mna nta, lakini si ile ya nyuki wa Inyonga tuuzayo pamoja na asali. Ni nta itokanayo na mafuta ya petroli. Ikiyeyuka huvimba na kusukuma kijiti. Ikipoa, springi hurudisha. Hakina waya wala mwenye kukiangalia.

Nimekileta kwa sababu gari letu lilipokuwa gereji, fundi alitaka kukitupa. Alisema, "Hiki ni cha nchi za baridi. Hapa Afrika hakina kazi." Najua wengi wenu mmeyasikia maneno hayo, na magari mengi ya mji huu yanakwenda bila themostati sasa hivi. Mzee wetu alikataa, wakabishana karibu saa nzima, nami nilisimama nikasikiliza kama mtoto wa shule.

Hoja yake ilikuwa hii. Kwanza, mlango huu haukuwekwa kwa sababu ya baridi ya nje. Umewekwa ili injini ikae katika joto lake, na injini ya Mpanda yataka joto lile lile itakalo injini ya London. Asubuhi ya mwezi wa Juni huku kwetu injini isiyo na themostati huenda kilometa nyingi kabla ya kupata moto. Pili, jambo ambalo fundi hakulijua: katika injini nyingi themostati ina kisahani cha pili, hiki hapa nyuma. Mlango wa rejeta ukifunguka, kisahani hiki huiziba ile njia fupi ya ndani. Ukiitoa themostati, njia fupi hubaki wazi daima. Sehemu ya maji ya moto hurudi injini bila kupita katika rejeta kabisa. Basi gari hilo huwa baridi kupita kiasi tambarare, na mlimani huchemka. Mwenyewe hushangaa, hupeleka rejeta ikaoshwe, hununua feni, kumbe kinachotakiwa kimo katika debe la takataka la gereji.

Ni kweli themostati hufa, na mara nyingine hufa ikiwa imefumba. Ndipo huzuia maji na gari huchemka upesi. Lakini dawa yake ni kuweka nyingine, na kuijaribu kwanza katika sufuria kama tulivyofanya.

Nipite upesi katika mengine. Kulanti, ambayo mimi niliiona ni anasa, si maji ya rangi. Mna dawa ya kuzuia kutu, na glikoli ambayo huinua kiasi cha kuchemka: nusu kwa nusu na maji, huchemka kama digrii 107 penye usawa wa bahari, hata kabla ya mfuniko kuongeza nguvu yake. Nchi za theluji huitaka isigande. Sisi twaitaka kwa kutu na kwa kuchemka. Kulanti za namna ya zamani hubadilishwa baada ya miaka 2, na za siku hizi hufika hata 5. Kitabu cha gari husema. Rangi si dalili ya namna, basi msichanganye kwa kutazama rangi. Tena ni sumu, na sumu hiyo ina ladha tamu. Aliyeiweka katika chupa ya soda penye watoto, au akaimwaga uani penye mbwa, ametega mtego.

Na yale maji ya bombani niliyoyasifu kwa wino? Tazameni ndani ya birika zenu za nyumbani, ule utando mweupe uliogandamana. Utando ule ule hujijenga ndani ya vijibomba vya rejeta na vijia vya injini, na joto haliupiti vizuri. Kama kulanti hamna kabisa, maji ya mvua yaliyokingwa kwa bati safi ni bora kuliko ya kisima. Na kwa magari yaendayo vijijini, Mlele na Tanganyika, mwezi wa tano na wa sita nyasi zikikomaa, mbegu zake huziba uso wa rejeta hata hewa isipite. Huoshwa kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, kutoka upande wa injini kwenda nje, yasije yakaisindilia takataka ndani.

Gari likianza kupata moto nanyi mko ndani, msimwambie dereva kama nilivyosema mimi. Kiyoyozi kizimwe. Lile joto la ndani la kupashia miguu liwashwe lote, ijapokuwa ni mateso, kwa maana nalo ni rejeta ndogo. Ikiwa mshale haurudi, simameni, injini izimwe, boneti lifunguliwe, mfuniko uachwe. Nusu saa ni kidogo. Saa moja ni afadhali. Atazamwe mkanda wa feni kama umekatika, na mipira kama imepasuka. Maji huongezwa injini ikiwa imepoa hata mkono waweza kukaa juu ya rejeta, na humiminwa kidogo kidogo. Baada ya hapo, oili ikionekana kama chai ya maziwa, au maji ya rejeta yakitoa mapovu injini inapozunguka, gari lisiwashwe tena, livutwe.

Magari mengi mapya hayana mshale. Yana taa tu: ya buluu injini ikiwa baridi, nyekundu ikiwa imepita kiasi. Na hata yenye mshale, mengi yameundwa hivi kwamba mshale hukaa katikati kwa digrii nyingi, ili mwenye gari asiwe na wasiwasi. Ukianza kutoka katikati, jambo limekwisha kwenda mbali. Kwa hiyo dereva atazamaye chupa ya akiba kila asubuhi, injini ikiwa baridi, hapotezi wakati wa serikali.

Juu ya fomu, nimeanza desturi moja katika ofisi niliyomo sasa. Nikitaka kukata kitu ambacho sikijui kazi yake, humwita aliyekiomba, aje anionyeshe. Huchukua dakika kumi. Nimekwisha kukata vingi hata hivyo, kwa kuwa madereva nao si malaika, na kuna aliyeomba betri mbili kwa gari la betri moja.

Bwana Katibu, hesabu ya mwisho. (Katibu: "Yanachemka. 96, haipandi tena.") Mmesikia. Ongezeni mkaa mpendavyo, itabaki 96.

Bwana Mwenyekiti ananiashiria saa. Wenye maswali waje hapa mezani, themostati itapita mikononi mwenu ikisha kupoa, na mfuniko wa zamani, ule ule, ninao. Ila naomba moja: gari la Bwana Mweka Hazina limefika sasa hivi kutoka Inyonga, limesimama hapo nje. Mtu asilifungue rejeta kwa kujaribu kama niliyoyasema ni kweli.